NGARA NA BIHARAMULO ZISIWE NJIA YA KUPITISHIA TU

Maji ya Mto Kagera yana safari ya ajabu. Yanatoka katika milima ya Burundi na Rwanda, yanaporomoka Rusumo katika wilaya ya Ngara, yanapanda kaskazini kufuata mpaka wa Karagwe, yanapita Kyaka, na mwisho yanaingia Ziwa Nyanza. Humo ziwani yanatafuta mlango wa Jinja, na huko Uganda imeyatia kazini tangu mwaka 1954 ilipofunguliwa stesheni ya umeme ya Owen Falls. Kisha kwa miaka mingi umeme wa Uganda ndio uliorudi kwa waya kutoka Masaka hadi Kyaka, ukawasha taa za Bukoba. Yaani maji yalipita mlangoni petu bure, yakazunguka ziwa zima, nasi tukayanunua yalipogeuka kuwa moto.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu ndugu zetu wa Uganda. Wao walitumia walichopewa na Mungu, wakatuuzia jirani zao, na kama si waya wao Bukoba ingekaa na koroboi. Twasema haya ili kila mwanachama aelewe jambo moja: mkoa wa Kagera haukukosa nguvu, ulikosa njia.

Na katika mkoa huo wilaya mbili za kusini, Ngara na Biharamulo, hazikupata hata huo umeme wa kununua. Zenyewe ziliwekewa majenereta ya dizeli. Mafuta yalipakiwa Dar es Salaam, yakasafiri kwa lori zaidi ya kilomita elfu moja, yakipita Dodoma, Singida na Kahama, mpaka yafike kuchomwa Biharamulo mjini na Ngara mjini. Lori likikwama, mji umelala. Kipuri kikivunjika, mji umelala. Waholanzi walitusaidia majenereta mapya kwa wilaya hizi na Mpanda, nasi twashukuru, lakini jenereta jipya nalo linakunywa mafuta yale yale. Shirika letu la TANESCO lilikuwa likizalisha umeme kwa gharama kubwa mara kadhaa kuliko bei lililomuuzia mwananchi, na hasara hiyo ilibebwa na nchi nzima. Umeme wa namna hiyo hauwezi kuendesha kiwanda. Unatosha taa ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, jokofu la dawa la hospitali, na redio.

Leo mambo yamebadilika, na ni haki kusema yamebadilika. Njia ya kilovolti 220 imetoka Geita mpaka Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, pale pale penye njia panda ya barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo. Nyakanazi sasa ina kituo kikubwa cha kupozea umeme, na wilaya zetu mbili zimefungwa katika gridi ya Taifa. Kutoka Nyakanazi waya mwingine umekwenda hadi Rusumo. Na Rusumo penyewe pana stesheni ya umeme ya megawati 80, mitambo mitatu, mali ya nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Kila nchi ina fungu sawa la theluthi moja, kama megawati 26 na ushei.

Yafaa tukumbuke jambo hili lilichukua muda gani. Mkataba wa kuanzisha chombo cha kuendeleza bonde la Mto Kagera ulitiwa sahihi mwaka 1977, na Rusumo ilikuwamo katika nia zake tangu mwanzo. Chombo kile kikafa. Vita vikaja, na mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 wakavuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu kukimbia Rwanda. Wananchi wa Ngara wakawapokea pale Benako. Waligawana nao visima, kuni na mashamba, na hata leo vilima vya Kasulo vinaonyesha alama za misitu iliyokatwa mwaka ule. Ilipofika Agosti 2013 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo na ruzuku ya dola milioni 340 kwa kazi ya Rusumo, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikagharimia njia za waya, kazi ikaanza mwaka 2017, na mitambo ikaanza kutoa umeme mwishoni mwa 2023. Kutoka sahihi ya kwanza mpaka taa ya kwanza ni miaka 46. Mtoto aliyezaliwa Rusumo mwaka ule wa sahihi sasa ana wajukuu.

Basi wapo wanachama wanaotuuliza: mbona Serikali isijenge stesheni ya gesi huku kwetu, kama zile za Ubungo na Kinyerezi? Gesi si yetu sote? Ni swali zuri, nasi hatutalijibu kwa kulikwepa.

Gesi ya Tanzania iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ilikaa chini ya ardhi miaka thelathini kabla ya kuanza kuendesha mitambo ya Ubungo mwaka 2004. Bomba kubwa kutoka Mtwara lilifika Dar es Salaam mwaka 2015, na stesheni za Kinyerezi zikafuata. Kwa miaka kadhaa, kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi Februari 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa Taifa ulitoka katika gesi. Na ubora wa gesi ni huu: mito ikikauka, yenyewe haikauki. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi iliingia katika mgao, na bila mitambo ya gesi mgao ule ungekuwa giza tupu.

Lakini kuileta gesi Ngara kwa bomba ni kulaza chuma kuvuka nchi nzima, kutoka bahari mpaka mpaka wa Rwanda, kwa ajili ya kazi ambayo waya unaifanya kwa gharama ndogo zaidi. Umeme wa Kinyerezi ukiingia katika gridi hauna jina. Unapanda Iringa, unapita Dodoma na Singida, unafika Shinyanga, unapinda Bulyanhulu na Geita, na kushuka Nyakanazi. Mwananchi wa Biharamulo anayesaga mahindi kwa mashine ya umeme leo, huenda anasagia gesi ya Songo Songo bila kuijua. Hiyo ndiyo maana ya gridi ya Taifa, na hiyo ndiyo maana ya Taifa.

Tena gesi ya kufulia umeme iliyo karibu nasi zaidi si ya Songo Songo. Iko Rwanda, chini ya maji ya Ziwa Kivu.

Ziwa hilo ni kirefu, na katika vina vyake maji yamebeba gesi iliyoyeyuka, ile inayowaka na ile isiyowaka, zikizuiliwa na uzito wa maji ya juu kama soda inavyozuiliwa na kizibo. Kipo kiasi kinachokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 60 za gesi inayowaka, na ni mali ya Rwanda na Kongo kwa pamoja. Si jambo jipya: tangu miaka ya sitini kiwanda cha bia cha Gisenyi kilikuwa kikitumia gesi kidogo ya ziwa hilo. Lakini stesheni kubwa ya kwanza, KivuWatt, ilianza kazi mwishoni mwa 2015 na kuzinduliwa 2016. Jahazi la chuma limetiwa nanga ziwani, kilomita 13 kutoka ufukweni. Mabomba yake yanashuka mita 350. Maji ya vilindini yanapopanda, uzito unapungua, gesi inatoka kwa mapovu, inaoshwa, na kupelekwa nchi kavu kuendesha mitambo ya megawati 26. Tena kazi hii ina faida ya pili, maana gesi ikijaa mno ziwani ni hatari. Ziwa Nyos la Kamerun lilipopasua gesi yake mwaka 1986 liliua watu wapatao 1,700 usiku mmoja, na Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana, nalo limezungukwa na mamilioni ya watu.

Msomaji atazame hesabu hii. Megawati 26 za KivuWatt ni karibu sawa na fungu la nchi moja katika Rusumo. Stesheni ndogo kwa stesheni ndogo. Ukiziweka mbele ya megawati 2,115 za Rufiji zinaonekana kama vifaranga mbele ya mbuni. Lakini wenye kudharau vifaranga hawajui kazi ya umeme. Waya mrefu unachosha umeme kama njia ndefu inavyomchosha mchukuzi. Ngara iko mwisho kabisa wa gridi. Umeme uliotoka pwani unafika huku ukiwa umelegea. Stesheni iliyo mwisho wa waya inauinua tena, na hata ikiwa ndogo, mashine za hospitali na za viwanda hazizimikizimiki. Kwa hiyo megawati 26 za Rusumo zina thamani kwa Ngara kuliko megawati 26 nyingine zilizo Dar es Salaam.

Sasa, pale Rusumo waya wa Rwanda unaotoka upande wa Kigali, waya wa Burundi unaokwenda Gitega, na waya wetu wa Nyakanazi vyote vinakutana. Yaani gesi ya Kivu na gesi ya Songo Songo, ambazo zisingekutana kamwe kwa bomba, zaweza kukutana kwa waya katika wilaya ya Ngara. Maji yakipungua, gesi isaidie. Gesi ya jirani ikipata hitilafu, Rufiji isaidie. Hii ndiyo kazi ya kanda nzima tunayoitaka, na wilaya zetu mbili ndizo kitovu chake. Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waliitazama Rusumo kuwa mpaka. Von Götzen alivuka hapo mwaka 1894 kuingia Rwanda. Mwaka 1919 Mwingereza na Mbelgiji wakakata ardhi ya ng'ambo kwa rula, kwa sababu Mwingereza alitaka ukanda wa kupitisha reli yake ya kutoka Rasi mpaka Kairo. Baadaye wakairudisha, na reli yenyewe haikujengwa. Hivyo ndivyo mipaka yetu ilivyochorwa, kwa ndoto za watu wengine. Nasi leo tumeweka mitambo mitatu mahali pale pale walipoweka mstari.

Wapo wanaoogopa. Husema: leo ni jirani, kesho je? Wanatutajia kwamba Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na vita vya mashariki ya Kongo vimewatia wakubwa wa nchi hizi maneno makali. Sisi hatufichi macho. Lakini twauliza: je, mtu akigombana na jirani yake, dawa ni kubomoa kisima wanachochota wote? Jumba la mitambo ya Rusumo liko upande wa Tanzania, na hiyo ni amana tuliyokabidhiwa. Nchi yetu ilipokea wakimbizi wa pande zote bila kuuliza ni wa upande gani. Amana hii nayo ilindwe kwa moyo huo huo, fungu la kila mmoja litolewe bila kupunguzwa, na madeni yetu katika kampuni ile ya ubia yalipwe kwa wakati ili asiwepo wa kutunyooshea kidole.

Haya ni ya nje. Turudi nyumbani, maana nyumbani ndiko kwenye maneno.

Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana, na watu wakafa, kwa ajili ya gesi. Chama kilisema wakati ule, nasi twasema hata leo, kwamba gesi ni ya Taifa zima wala si ya mkoa mmoja. Lakini kusema hivyo hakutoshi. Mwananchi wa Mtwara alikuwa na stesheni yake ya gesi, mitambo midogo ya megawati mbili mbili, iliyolisha Mtwara na Lindi nje ya gridi. Mitambo hiyo ilipochoka, mikoa miwili ilikaa gizani huku gesi iko chini ya miguu yao. Ukimwambia mtu huyo kuwa utajiri ni wa wote, atakuuliza giza hili nalo ni la nani. Hatutaki swali hilo liulizwe Rusumo.

Ni kweli kwamba katika kazi ya Rusumo zilitengwa dola milioni 5 kwa kila nchi kuwasaidia wananchi wa kando ya mradi, na Ngara imepata fungu lake. Hayo ni mema. Lakini shule na zahanati ni jambo moja, na umeme wenyewe ni jambo jingine. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Kazi hii ni kubwa, na anayeibeza ni mtu asiyejua nchi yetu ilikuwaje. Lakini neno "kufikiwa" lina upana. Kijiji hufikiwa kwa nguzo iliyosimama penye ofisi ya mtendaji, shule na duka moja. Kijiji kina vitongoji, na nchi ina vitongoji zaidi ya 64,000. Katika Ngara, nchi ya vilima, kitongoji kimoja kiko juu na kingine ng'ambo ya bonde; waya ukisimama juu, wa ng'ambo huona taa za wenzao kama nyota. Na pembeni mwa njia ya kilovolti 220 kutoka Rusumo mpaka Nyakanazi wapo wananchi waliotoa ardhi yao, ambao usiku wanasikia waya ukivuma juu ya paa zao na ndani wamewasha koroboi. Twajua kitaalamu kwamba waya mkubwa hauwezi kushushiwa nyumba moja moja. Ni lazima upozwe kwanza kituoni. Lakini vituo vya kupozea na njia ndogo za kilovolti 33 hujengwa na watu, havioti.

Jambo lingine ni nikeli. Mwaka 2021 Serikali iliingia ubia katika mgodi wa Kabanga, Ngara, ikiwa na hisa asilimia 16, na kiwanda cha kusafishia kikapangwa kujengwa Kahama. Mgodi ukianza kuchimba utataka umeme mwingi. Haya, upewe, atakayetaka kodi na ajira asiogope kuuza umeme. Ila sisi tunaijua historia. TANESCO ya mkoloni, iliyoanza mwaka 1931 kama kampuni ya watu binafsi, ilipeleka waya kwenye mashamba ya mkonge na mitaa ya wazungu, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwenye kulipa vizuri. Tuliitwaa kwa umma ili waya ufuate watu. Ikiwa mgodi utapata njia yake katika miezi michache, na kitongoji kilicho chini ya njia hiyo kiambiwe kingoje awamu nyingine, tutakuwa tumerudi pale pale, tofauti ni rangi ya bendera tu. Mtihani wetu Biharamulo ulikwisha kuwa huu huu: dhahabu ya Tulawaka ilianza kuchimbwa mwaka 2005, na miaka ile vijiji vya jirani vilipata vumbi la malori ya mafuta, basi.

Kisha ipo njia ya Benako hadi Kyaka. Serikali imekwisha kuipanga njia hiyo ya kilovolti 220 ili Bukoba, Karagwe, Missenyi na Muleba ziungane na gridi ya Taifa kupitia Ngara. Hapo ndipo yale maji yatakapoacha kuzunguka ziwa. Twasema wazi kwamba njia hii haifai kucheleweshwa hata msimu mmoja. Kagera ni mkoa wa kahawa, wa sukari ya Missenyi, wa ndizi na wa bandari za ziwani, na hauwezi kujenga viwanda kwa umeme wa kutegemea kama jirani atabakiwa na wa kuuza. Waya wa Masaka usikatwe. Ubaki, uwe wa kubadilishana: wakipungukiwa wao tuwape, tukipungukiwa sisi watupe. Kununua kwa hiari ni biashara. Kununua kwa kukosa pengine pa kwenda si biashara.

Na wananchi nao tuwaambie lao. Bei ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, chini ya bei ya mbuzi. Lakini wapo waliounganishiwa wakatundika balbu moja na kuchaji simu, hapo wakaona maendeleo yamekwisha. Balbu haimtajirishi mtu. Kahawa ya Ngara yaondoka na maganda yake ikakobolewe mbali, mahindi ya Biharamulo yauzwa kwa gunia kwa wachuuzi wa barabara kuu, na alizeti yasafirishwa mbegu ikarudi mafuta ya chupa kwa bei mara dufu. Vyama vya ushirika vilivyokuwa vikisema haviwezi kununua mashine kwa sababu ya dizeli sasa havina udhuru huo. Vijana wa kuchomelea vyuma, wa useremala, wa kutotoa vifaranga na kukausha mbao wajikusanye, waombe mikopo ya halmashauri, wafanye kazi. Waya ukipita penye watu wavivu nao unakuwa pambo la barabara.

Kwa hiyo tunawaomba makatibu wa matawi yote ya Ngara na Biharamulo watuletee orodha ya vitongoji visivyo na umeme katika matawi yao, wakitaja umbali kutoka nguzo ya mwisho, idadi ya kaya, na kama ipo mashine, shule au zahanati inayongoja. Matawi yaliyo katika kata ya Kasulo na yale ya kandokando ya Nyakanazi yaanze. Tutazichapa orodha hizo katika ukurasa huu, kata kwa kata, na nakala tutaipeleka kwa Waheshimiwa Wabunge wa majimbo husika kabla ya Bunge la bajeti, ili Waziri wa Nishati atakaposimama kusoma makadirio yake wawe nazo mkononi.